Bayofueli za kimiminika Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bayofueli za kimiminika ni zipi, na zipi zinaihusu Tanzania?

Ni mafuta ya kuendeshea injini, kupikia au kuwashia taa yanayotengenezwa kutokana na mimea au mabaki yake, badala ya mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Zenye maana kwetu kwa sasa ni mbili. Ya kwanza ni ethanoli, yaani spiriti inayopatikana kwa kuchachusha sukari au wanga na kuikeneka (kuichemsha na kukusanya mvuke wake), ambayo huchanganywa na petroli. Ya pili ni bayodizeli, ambayo hutokana na mafuta ya mbegu, mawese au mafuta yaliyokwisha kukaangia, baada ya kuunganishwa kikemia na methanoli, na huchanganywa na dizeli. Mafuta ya mbegu yaliyokamuliwa na kuchujwa tu hayahesabiwi kuwa bayodizeli, kwa kuwa ni mazito mno na huharibu pampu na nozeli za injini za kisasa.

Je, Tanzania haikujaribu jambo hili zamani? Kwa nini miradi ile ilianguka?

Ilijaribu, na kwa haraka kubwa. Kuanzia mwaka 2005 hivi, bei ya mafuta ghafi ilipokuwa ikipanda hadi kuvuka dola 140 kwa pipa Julai 2008, kampuni za kigeni zilikuja kutafuta ardhi ya kulima mbono kaburi (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta, na miwa. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, BioShape ya Uholanzi iliingia Kilwa na kupata takriban hekta 34,000, na SEKAB ya Uswidi ilipanga mashamba ya miwa Bagamoyo na Rufiji. BioShape ilifilisika mwaka 2010 na shamba la Kisarawe likasimama mwaka 2011. Mradi wa Bagamoyo ulibadilisha wamiliki na kuegemea zaidi kwenye sukari, kisha mwaka 2016 ukafutiwa hati ya ardhi, na mgogoro wake ukapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Lawama nyingi hutupiwa mmea wenyewe, na ni kweli kwamba mbono kaburi ulisifiwa kupita kiasi. Huvumilia ukame, lakini kuvumilia si kuzaa: bila maji ya kutosha na mbolea hutoa mbegu chache, mbegu zenyewe hazikomai kwa pamoja, kwa hiyo huchumwa kwa mkono mara kadhaa, na mashudu yake yana sumu kiasi kwamba hayawezi kulishwa mifugo. Hata hivyo, kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi lilikuwa katika mpangilio wa mambo. Ardhi ilitangulizwa, soko likaachwa la mwisho. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha muuzaji wa mafuta nchini kuchanganya hata lita moja, na mwongozo rasmi wa serikali wa uendelezaji wa bayofueli za kimiminika ulitoka Novemba 2010, wakati hekta nyingi zilikwisha gawiwa. Bei ya mafuta ghafi ilipoporomoka hadi chini ya dola 40 mwishoni mwa 2008, mwekezaji aliyetegemea mtaji wa nje hakuwa na mnunuzi wa ndani ambaye angemwezesha kusubiri.

Inafaa kukumbuka mfano mmoja tofauti. Diligent Tanzania, iliyokuwa na makao Arusha, haikuchukua mashamba bali ilinunua mbegu kutoka kwa wakulima wadogo, wengi wao wakiwa na mbono kama ua wa kuzungushia shamba. Biashara hiyo nayo haikudumu, lakini ilipokoma wakulima walibaki na mashamba yao. Vijiji ambavyo ardhi yake ilikwisha kuhamishwa havikuwa na bahati hiyo.

Basi sekta hii ianzie wapi?

Ianzie kwenye molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera, TPC Moshi na Bagamoyo (kiwanda kingine, si mradi ule uliofutiwa hati) vina miwa shambani, vina mvuke unaotokana na kuchoma makapi ya miwa, na vina molasi iliyokwisha kukusanyika mahali pamoja. Hakuna kijiji kinachohitaji kuhamishwa ili lita ya kwanza ipatikane. Kilombero tayari kuna mtambo wa kukeneka spiriti, ingawa umejengwa kwa ajili ya spiriti ya vinywaji na wala si ya magari.

Wapo wanaopendekeza turuke hatua hii na kukamua miwa moja kwa moja kwa ajili ya ethanoli, kama ifanyavyo Brazili. Lakini Brazili ilianza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975 ikiwa na sukari nyingi iliyokosa bei duniani. Tanzania, kinyume chake, imekuwa ikiagiza sukari kutoka nje karibu kila mwaka ili kuziba pengo. Kugeuza maji ya miwa kuwa mafuta kabla ya pengo hilo kuzibwa ni kununua sukari ya kigeni ili kuokoa petroli ya kigeni, na sioni ni waziri gani angeweza kulieleza hilo bungeni wakati wa Ramadhani.

Molasi iliyopo inatosha kiasi gani?

Haitoshi kwa nchi nzima, na ni vizuri kusema hivyo mapema. Kwa makisio ya kawaida ya viwandani, tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 40 za molasi, na lita moja ya ethanoli huhitaji karibu kilo 4 za molasi. Maana yake ni kwamba kila lita milioni 100 za petroli, zikichanganywa ethanoli kwa asilimia 10, zitahitaji lita milioni 10 za ethanoli, yaani tani 40,000 za molasi, ambazo hupatikana kwa kukamua miwa tani milioni moja hivi. Ethanoli hiyohiyo ikitengenezwa moja kwa moja kutokana na maji ya miwa ingehitaji tani zipatazo 130,000 tu, lakini kwa gharama ya kupoteza sukari yote iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo kiwango cha kuanzia kiwe kidogo, asilimia 5 au hata pungufu, na si lazima kianze nchi nzima kwa siku moja. Ethanoli ya Kilombero inaweza kuelekezwa kwenye maghala ya Dar es Salaam, na ya Moshi kwenye maghala ya Tanga. Kagera ni habari nyingine: petroli hufika kule baada ya safari ndefu ya barabara, na kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, miji ya kanda ile huwa miongoni mwa yenye bei za juu kabisa. Ethanoli inayotengenezwa palepale haina gharama hiyo ya lori, ndiyo maana hesabu yake inaweza kukubali mapema kuliko ya pwani.

Kama molasi ipo, kwa nini wenye viwanda hawajaanza wenyewe?

Kwa sababu molasi ina wanunuzi wengine. Wafugaji huichanganya na chakula cha mifugo, wafanyabiashara huisafirisha nje, na spiriti inayotokana nayo hulipa vizuri zaidi ikienda kwenye vinywaji, dawa na vitakasa mikono kuliko kwenye tangi la gari. Zaidi ya hapo, ukenekaji wa kawaida huishia kwenye spiriti ya asilimia 95 au 96, na ile ya kuchanganya na petroli hutakiwa kuwa karibu kavu kabisa, asilimia 99.5 hivi, jambo linalodai mtambo wa ziada wa kuondoa maji. Hakuna mkurugenzi wa fedha atakayeidhinisha mtambo huo ili auze kwa bei ndogo kwa mnunuzi asiyelazimika kununua.

Hapo ndipo mzigo unapoiangukia serikali. Kinachohitajika ni kanuni inayotaja tarehe ya kuanza, kiwango cha uchanganyaji kwa kila mwaka kwa angalau miaka mitano, mwenye wajibu wa kuchanganya, na adhabu yake asipofanya hivyo. Tamko la kisera lisilo na adhabu halikopesheki benki.

Malawi na Zimbabwe zimewezaje?

Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya molasi tangu 1982, kwanza kutoka mtambo wa Dwangwa ulio jirani na kiwanda cha sukari, na baadaye pia kutoka Chikwawa. Zimbabwe ilianzisha mtambo wa Triangle mwaka 1980, ukame wa 1992 ukaukwamisha, kisha nchi ikarudi kwenye uchanganyaji wa lazima mwaka 2013 baada ya mtambo wa Chisumbanje kujengwa. Kenya nayo ilichanganya katika miaka ya 1980 kwa kutumia spiriti ya Muhoroni kabla ya mpango huo kusimama.

Malawi na Zimbabwe hazina bahari. Petroli yao hupita Beira, Nacala au Dar es Salaam, na nauli hiyo humpa mtengeneza ethanoli wa ndani nafasi ya kupumua ambayo mwenzake wa pwani yetu hana. Anayeiga kiwango cha Malawi cha hadi asilimia 20 bila kuiga jiografia yake ataumia. La kuiga ni lile lingine: kiwango cha uchanganyaji hupandishwa na kushushwa kulingana na ethanoli iliyopo, kwa utaratibu unaojulikana, ili mwaka wa ukame usiwe mwaka wa foleni vituoni.

Uchanganyaji ufanyike wapi, na nani ausimamie?

Ufanyike kwenye maghala makubwa wakati lori linapopakiwa, na usifanyike vituoni kabisa. Ethanoli hunyonya maji. Mchanganyiko ukikutana na maji yaliyotuama chini ya tangi la kituo, ethanoli huiacha petroli na kushuka pamoja na maji hayo, na mteja wa kwanza asubuhi hupakiwa kitu ambacho hakiwaki. Kwa sababu hiyohiyo ethanoli isisafirishwe wala kuhifadhiwa katika vyombo visivyokaushwa, na kila kituo kikaguliwe matangi kabla ya kupokea shehena ya kwanza.

Taasisi zinazohitajika tayari zipo. TBS, shirika la viwango, huweka viwango vya ubora, EWURA hutoa leseni na kudhibiti bei, na uagizaji wa petroli hupita katika mfumo wa pamoja unaosimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, kwa hiyo kiasi cha petroli kinachoingia kinajulikana na kinaweza kupunguzwa kulingana na ethanoli iliyoahidiwa. TRA, mamlaka ya mapato, nayo ina kazi isiyosemwa sana: kuhakikisha kwamba ethanoli ya magari inatiwa kemikali ya kuifanya isinyweke kabla haijatoka getini. Ethanoli iliyosamehewa ushuru ikitoka ikiwa safi, itaishia kwenye chupa, na serikali itakuwa imefadhili pombe ya magendo kwa jina la nishati mbadala.

Je, magari na pikipiki zitaharibika?

Kwa mchanganyiko wa asilimia 5 hadi 10, injini nyingi za petroli zinazotumika leo hazihitaji kubadilishwa chochote. Tahadhari ni kwa vyombo vya zamani vyenye kabureta na mipira isiyotengenezwa kuhimili spiriti, na kwa matangi machafu, kwani ethanoli husafisha kutu na takataka na kuzisukuma hadi kwenye chujio. Mafundi waelezwe kwamba katika wiki za mwanzo chujio kuziba ni jambo la kutarajiwa, na kwamba halimaanishi injini imekufa.

Bei ya mafuta itashuka?

Asiahidiwe mtu hivyo. Lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 10 hupunguza umbali wa safari kwa asilimia 3 hivi. Ili mwendesha bodaboda asipate hasara, ethanoli lazima iuzwe ghalani kwa bei ya chini kuliko petroli kwa kila lita, ingawa uwezo wake wa kuzuia injini kugonga unaipa thamani fulani ya nyongeza.

Swali gumu ni bei hiyo ifungwe kwenye nini. Ikifungwa kwenye bei ya petroli ya dunia, mwenye mtambo ataanguka kila mafuta ghafi yanapoanguka, kama ilivyotokea 2008. Ikifungwa kwenye gharama zake za uzalishaji, mtumiaji ndiye atakayebeba uzembe wa kiwanda. Tunaona ni busara zaidi kuwa na bei inayofuata ile ya petroli lakini yenye sakafu na dari zilizotangazwa, zinazopitiwa upya kila baada ya muda maalumu na EWURA, na hesabu zake zikiwa wazi kwa umma.

Serikali haitapoteza mapato?

Inaweza kupoteza. Kila lita ya petroli hubeba ushuru wa bidhaa pamoja na tozo za barabara na za nishati vijijini, na lita ya ethanoli inayochukua nafasi yake ikisamehewa vyote, barabara ndizo zitakazolipia. Njia ya haki ni kutoza kwa nishati badala ya ujazo, yaani ethanoli ilipe theluthi mbili ya tozo za petroli. Kama msamaha ni wa lazima mwanzoni, uwekewe ukomo wa miaka ndani ya sheria yenyewe, kwa kuwa msamaha usio na tarehe ya mwisho ni mgumu kuuondoa.

Mwekezaji akija kijijini kutaka ardhi ya mazao ya bayofueli, sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo hupata haki itokanayo, yaani haki ya kuitumia bila kuimiliki mwenyewe, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Ardhi ya kijiji, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali na si ya kijiji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Sheria inataka pia aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vikubaliwe kabla ya uhamisho.

Jambo ambalo wanakijiji wengi hawaelezwi ni kwamba ardhi ikishahama haina tiketi ya kurudi. Mradi ukifa, ardhi hubaki kuwa ya jumla chini ya serikali, na kijiji hakirejeshewi chenyewe tu. Ndiyo maana ahadi za mdomo za kisima, zahanati na ajira hazina uzito wa kutosha mbele ya hekta elfu kadhaa. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi kabla ya mazungumzo kuanza, kidai tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kwanza kabisa kiulize kama mwekezaji anahitaji kweli ardhi au anahitaji mazao. Mara nyingi anahitaji mazao, na mazao yanaweza kununuliwa kwa mkataba huku ardhi ikibaki ya wenyewe.

Na bayodizeli? Tuna alizeti, michikichi na pamba.

Tunavyo, na bado nchi inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Kwa muda wote ambao alizeti ya Singida na mawese ya Kigoma hayatoshi kwenye sufuria, kuyapeleka kwenye malori si sera ya kutetea. Nafasi iliyopo kwa sasa ni ya mafuta yaliyokwisha kukaangia kutoka hoteli na viwanda vya vyakula, kwa kiasi kidogo na karibu na miji. Hata hapo methanoli itaagizwa kutoka nje, na kwa kila lita kumi za mafuta huhitajika takriban lita moja.

Mafuta ya ndege je?

Hitaji la bayofueli ya ndege ni la kweli, na nchini Kenya kampuni ya Eni ilifungua kituo cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022 na kuanza kupeleka mafuta Italia kusafishwa. Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta tangu TIPER ya Kigamboni iliposimamisha kazi hiyo mwaka 1999 na kubaki ghala. Kwa hiyo kwa sasa hii ni biashara ya kuuza nje malighafi, na ipimwe kama zao lingine lolote la biashara.

Ethanoli haiwezi kutumika jikoni?

Inaweza, na hapa kuna hoja ambayo haijapewa uzito unaostahili. Ethanoli ya jiko haihitaji kukaushwa hadi asilimia 99.5, kwa hiyo mtambo wake ni rahisi zaidi, na mshindani wake ni mkaa, ambao unakula misitu ya Pwani na Morogoro. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na gesi ya mitungi, ambayo huagizwa nje, haiwezi kuachiwa kazi hiyo peke yake. Kikwazo ni kodi: spiriti inapotozwa kama kinywaji, jiko lake linabaki la wenye uwezo.

Maji machafu ya mtambo huenda wapi?

Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia yenye asidi na uozo mwingi, ambayo yakiingia mtoni hunyonya oksijeni na kuua samaki. Yakitibiwa vizuri hutoa gesi ya kuchemshia bwela (tangi la kutengenezea mvuke), na mabaki yake yenye potasiamu hurudishwa shambani kwa kipimo. Bonde la Kilombero linalisha Rufiji na kila kitu kilichoko chini yake, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere, hivyo NEMC, inayosimamia mazingira, isiruhusu mtambo kuwashwa kwa ahadi kwamba bwawa la maji taka litajengwa baadaye.

Mkulima mdogo wa miwa atanufaikaje, na aangalie nini kwenye mkataba?

Atanufaika kama molasi imo katika mgawo wake. Mkulima akilipwa kwa kiwango cha sukari peke yake, kiwanda kitakachouza ethanoli kitapata kipato kipya kutokana na miwa yake bila yeye kuona tofauti. Chama cha wakulima kidai kipengele kinachotaja molasi na makapi ya miwa kwa majina, kinachoeleza ni kwa bei gani mtambo wa ethanoli unauziwa molasi hiyo ikiwa mmiliki ni mmoja, na kinachoruhusu chama kuleta mpimaji wake maabara. Kiangalie pia ni nani anayebeba hasara mtambo unapoharibika katikati ya msimu, kwa sababu miwa iliyokatwa huanza kupoteza sukari ndani ya siku moja au mbili, na mkataba usiosema kitu juu ya hilo humwachia mkulima hasara yote.